Uji wa Zuhura na Saini Yangu

Wanangu, mnaukumbuka ule ukurasa mlioonyeshwa ukutani kwenye semina ya Mikumi. Ukurasa wa daftari la mahabusu, una mstari mmoja umekatwa na saini imekatwa. Mwenzenu mmoja mwenye fulana mpya akasema, "Huyu aliyesaini hivi alikuwa kilaza." Mkacheka. Mwingine akamuuliza Zuhura, aliyekuwa anawafundisha siku ile, saini ni ya nani. Zuhura akajibu ni ya mwenzetu mmoja wa zamani, alishaacha kazi, tuendelee.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na chupa za chai. Nilialikwa kama mgeni. Saini ile ni yangu.

Zuhura alinisitiri. Na nawaambia ukweli mbele za Mungu, hata kwa kule kunisitiri nilimwonea wivu. Nilikaa na chapati mkononi nikawaza, hata kwa wema huyu mwanamke ananishinda. Nikarudi Kilosa nikakaa wiki nzima nalo moyoni. Mwisho nikaona bora niwaandikie mwenyewe, maana kama kuna mtu wa kusema nilichofanya, awe mimi, asiwe yeye.

Naitwa Mama Eliya. Nilikuwa msaidizi wa kisheria miaka kumi na saba, Mikumi na vijiji vyake. Mnasema mtu wa miaka arobaini na minane hajafika kustaafu. Kazi hii haina barua ya kustaafu. Magoti yakikataa bodaboda, umestaafu. Sasa niko kwetu Mabwerebwere, hapa Kilosa, namuuguza mama, nasikia treni ya umeme inapita, na siku nikiwaona mmepita na pikipiki za ofisi nasema moyoni, sisi tulitembea.

Ndiyo, nawaonea wivu na nyie. Mna vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Mna simu inayopiga picha. Mtendaji akiwanunia mnatuma kwenye kundi na mwanasheria wa Morogoro anajibu kabla soda haijaisha. Sisi tulikuwa na kanga, kalamu mbili na mguu. Kalamu mbili kwa sababu ukifika ofisini wakitaka usiandike, kalamu yao inapotea. Na yako wataiazima. Ya pili unaificha kwenye nywele.

Aliyetufundisha ni mama mmoja mstaafu, alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, sote tulimwita Bibi Karani. Alikuwa mfupi, mkali, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye alituambia kazi yetu ni nini. Alisema enzi ya chama kimoja yeye mwenyewe alikuwa anaandika kwa mkono wake majina ya watu waliofungiwa kwa kosa la kuuliza. Mtu anasimama mkutanoni anauliza jambo la shamba, kesho yake yuko ndani, na karani anaandika "amevuruga amani". Aliandika hivyo mara nyingi, akasema, na mshahara alichukua.

Mimi enzi ile naikumbuka kwa utoto tu. Baba alikuwa akizungumza na wageni sebuleni, balozi wa nyumba kumi akipita nje, baba anahamia kwenye habari za mvua. Vyama vingi viliporuhusiwa nilikuwa bado shule ya msingi. Nakumbuka watu wakisema sasa tuko huru kusema. Lakini baba akaendelea kuhamia kwenye mvua mpaka alipofariki.

Bibi Karani alilijua hilo. Alisema, sheria inabadilishwa Dodoma siku moja, lakini mtendaji wa kata na mgambo wake wamejifunza kazi kwa wale wa zamani, na mwananchi naye amejifunza kuogopa kwa baba yake. Katikati hapo ndipo mnapokaa nyie. Kazi yenu ni kuhakikisha mtu aliyeuliza swali analala kwake. Hivyo tu. Nilipenda sana maneno yale. Niliyapeleka kwenye maombi, nikafunga siku tatu, nikajua nimeitwa. Ndiyo maana iliniuma sana baadaye kupitwa na Zuhura, ambaye alikuja kwa sababu shangazi yake alimwambia kuna chai.

Ngoja niwaambie kosa langu la kwanza, hilo la kuchekesha, kabla sijafika kwenye lile.

Mimi niliishia darasa la saba. Nikaolewa, nikazaa, halafu ndipo nikaanza masomo ya jioni hapa Kilosa, mtoto mgongoni, mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne. Kile cheti nilikipenda kama mtoto wa tano. Sasa siku ya kwanza kuchukua maelezo ya mtu, alikuja mama mmoja muuza ndizi, mgambo wamemwaga ndizi zake na kumfungia mchana kutwa. Nikaandika kurasa tatu. Nikaandika, "Mlalamikaji alishikwa na taharuki isiyo na kifani." Nikaandika, "Utu wake ulidhalilishwa hadharani pasi na staha." Nilijisikia raha kweli.

Siku ya siku, mbele ya hakimu, yakasomwa. Hakimu akamuuliza yule mama kama hayo ni maneno yake. Yule mama akatazama huku na huku, akasema, "Mheshimiwa, huyo anayesemwa hapo simjui. Mimi nilimwagiwa ndizi."

Watu walicheka mpaka karani akaweka kalamu chini. Kesi ikaahirishwa. Bibi Karani aliniambia nje, taratibu kabisa, kwamba nimemwibia yule mama sauti yake nikamvalisha cheti changu. Kanuni yake ilikuwa hii, nanyi ishikeni: andika alivyosema, kwa maneno aliyosema, halafu umsomee neno kwa neno, na akikuambia "siyo hivyo" unakata mbele yake. Akiridhika ndipo anaweka dole gumba. Usimuulize "walikupiga?" Muulize "ikawaje?" halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu.

Sasa kwenye kunyamaza, Zuhura alizaliwa nako.

Zuhura ni mtoto wa hapa hapa Kilosa, mjukuu wa fundi wa reli, darasa la saba kama mimi ila yeye hakurudi shule. Mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye majivu. Ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Anacheka na kila mtu. Tulipokuwa tunaingia kijijini wawili, watoto walimkimbilia yeye, mimi wananipa shikamoo na kusimama mbali. Wamama walimweleza mambo ambayo hawajawaeleza dada zao. Mimi niliyefunga siku tatu, watu waliniambia, "Haya mama, asante kwa kutembelea."

Maelezo aliyoandika Zuhura yalikuwa mafupi na yamejaa makosa, na mahakimu waliyaamini. Bibi Karani alipoanza kuchoka alimpa Zuhura kiti chake cha mbele kwenye vikao vyetu. Mhuri wa kikundi alinipa mimi, kwa sababu naandika vizuri na natunza vitu. Mhuri ni kitu kikubwa, alisema. Lakini mimi nilikuwa nakitaka kiti. Hata mume wangu, mtu ambaye hasifii chakula, siku moja alikunywa uji wa Zuhura kwenye msiba akasema, huyu mama anajua uji. Nilimtazama, akahamia kwenye mvua kama baba.

Huo uji ndio habari yenyewe.

Kulikuwa na kata moja upande wa Mikumi, chini ya milima, sitaitaja. Tulikuwa tumekubaliana na ofisi yao kwamba kila Jumanne mmoja wetu aende kukagua daftari la mahabusu, aandike mstari mmoja na kusaini. Lakini kuingia ndani kuwaona watu hawakuturuhusu. Unaonyeshwa daftari tu. Daftari linasema wawili, unaandika wawili. Bibi Karani alikuwa anasema daftari ni mdomo wa mtendaji, siyo macho yako. Lakini ungefanya nini?

Zuhura ndiye aliyepata la kufanya. Jumanne moja alikwenda na ndoo ya uji wa ulezi wenye ndimu, na vikombe vya plastiki kwenye kikapu. Akamwamkia mgambo wa mlangoni, mzee mmoja wa makamo mpole, akamwambia ameleta uji kidogo kwa watu walio ndani, awapelekee yeye mwenyewe, kila mtu apate. Hakuuliza wako wangapi. Akamimina, mgambo akapeleka, akarudi kuchukua tena, mpaka akasema, "Inatosha, wote wamepata." Vikombe vilipotoka vimetumika, Zuhura akavihesabu wakati wa kuviosha bombani. Halafu akaenda kukagua daftari.

Daftari majina matatu. Vikombe vinne.

Unajua mgambo angeulizwa na mkubwa wake angeapa wako watatu. Lakini uji ulimfanya asahau, maana hakuna mtu anayemnyima mwenzake uji kwa sababu hajaandikwa. Yule wa nne alikuwa kijana wa wafugaji ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo na hakuna aliyejua yuko wapi. Siku ile ile akatoka.

Bibi Karani aliposikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kumtazama Zuhura vizuri. Akasema kazi ameifanya miaka thelathini na hajawahi kufikiria kikombe. Tokea hapo ikawa utaratibu: hakuna ukaguzi bila uji. Na watu vijijini wakaanza kutuita "wale mama wa uji". Mnaona? Mimi mwenye cheti na mhuri, nikawa mama wa uji wa Zuhura.

Niliosha vile vikombe miezi na miezi. Kila nikivihesabu nilikuwa namhesabu yeye.

Ikaja wiki ile. Zuhura alifiwa na mama yake mkubwa Morogoro, akaondoka Jumatatu asubuhi. Alipita kwangu na ndoo, unga na kikapu. Akaniambia, "Dada, kesho zamu iko kwako. Vikombe hivi hapa, usivisahau." Nikamwambia nenda salama, poleni na msiba. Alipoondoka nikaviweka kikapu na ndoo nyuma ya mlango wa jikoni.

Sikuvisahau. Msije mkasema nilisahau, maana hata Zuhura alipenda kusema hivyo ili kunipunguzia aibu. Jumanne asubuhi nilivitazama. Nikasema leo nitaonyesha kazi hii inafanywa kwa sheria, siyo kwa ndimu. Nikavaa gauni la kanisani, nikachukua mhuri, nikapanda bodaboda.

Mtendaji alinipokea vizuri kuliko siku zote. Akaniletea kiti chenye mto. Yule mgambo mpole akachungulia nje, akaniuliza uji uko wapi leo. Nikamwambia leo nimekuja kikazi. Nikasikia raha kusema hivyo. Daftari likaletwa: majina manne, tarehe zipo, makosa yapo, safi. Nikamsomea mtendaji kifungu kuhusu mtu kutokaa ndani zaidi ya saa ishirini na nne bila kufikishwa kwa hakimu. Akatikisa kichwa, akasema, mama wewe umesoma. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Nimekagua. Watu wote walio ndani wameandikwa." Nikasaini, nikagonga mhuri, nikashukuru kwa sauti, nikaondoka.

Tazameni neno "wote" hapo. Sikuwaona wote. Sikuhesabu hata mmoja. Nililiandika kwa sababu liliufanya mstari ukae vizuri.

Jumatano akaja nyumbani kwangu mama mmoja anaitwa Mama Yudithi, ametembea kwa miguu kutoka kata ile. Ni mwenzangu wa kanisani, tulishawahi kuimba pamoja siku ya mavuno. Akanieleza kwamba Jumatatu kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mume wake, Mzee Simoni, alisimama akaomba wasomewe muhtasari wa kikao kilichogawa lile bonde lao la mpunga, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukaa kikao hicho. Aliomba mara ya pili. Mkutano ukafungwa. Mgambo wakamchukua njiani. Na Mzee Simoni ana pumu, dawa yake imebaki mezani.

Akasema ameshakwenda ofisi ya kata, mtendaji amemwambia hayupo, akamfungulia daftari, akamwonyesha saini. Akamwambia hata mama wa sheria amekagua jana.

Akaniuliza, "Mama Eliya, ni wewe uliyesaini?"

Nikasema ni mimi.

"Basi hayupo pale."

Nikasema hayupo pale. Nikamshauri akaulize hospitali ya Kilosa, akaulize na kwa ndugu wa milimani. Nikamwombea. Nilimshika mikono nikamwombea sala ndefu, naye akalia akaenda stendi. Alizunguka siku mbili kwa neno langu.

Zuhura alirudi Alhamisi. Ijumaa asubuhi, bila kuniuliza, akachukua ndoo yake nyuma ya mlango wangu akaenda kata ile, kwa sababu aliona unga haujaguswa. Saa tano alikuwa mlangoni kwangu, amejifunga mtandio vizuri maana alikuwa anawahi swala. Hakukaa.

"Dada, daftari wawili. Vikombe vitatu."

Nikamwambia labda mgambo amekunywa.

"Mgambo amekunywa kwenye kikombe chake cha bati. Nilimwona."

Nikamwambia labda kuna mtu kaongeza.

Akanitazama. Sijui aliona nini, lakini hakunisema. Akasema Bibi Karani ameshaongea na hakimu kwa simu. Hakimu anataka karatasi. Na karatasi ya Zuhura haitoshi, kwa sababu kwenye daftari kuna saini ya kikundi chetu inayosema wote wameandikwa, na mtendaji ameshaitumia. "Aliyesaini ndiye anayeweza kuifuta," akasema. "Andika, nikitoka msikitini tunakwenda." Akaondoka.

Wanangu, karatasi ilikuwa mezani. Kalamu ilikuwa mezani. Kilichotakiwa ni mistari miwili: nilisaini bila kuhesabu, na mwenzangu Zuhura amehesabu.

Nikaanza kuchambua mchele. Nikachambua mchele wa siku tatu. Nikaosha masufuria yaliyokuwa masafi. Nilijua Mzee Simoni yuko mle, nilijua tangu aliposema vikombe vitatu. Nilijua ile pumu. Lakini kila nikishika kalamu naliona jina la Zuhura linatakiwa kuandikwa na mkono wangu, juu ya mhuri wangu, na hakimu atalisoma, na Bibi Karani atafuta miwani. Zuhura alitoka msikitini, akaja, akanikuta bado. Akakaa kwenye kigoda akasubiri. Alinyamaza vile anavyonyamaza. Ilikuwa saa nane na nusu.

Kutoka saa tano mpaka saa nane na nusu. Hesabuni wenyewe. Mimi nimeshahesabu.

Nikamwambia, "Zuhura, mimi nakuonea wivu."

Akasema, "Najua, dada. Andika."

Nikaandika.

Karatasi tukamwachia Bibi Karani aifikishe kwa hakimu, tukafika kata saa kumi kasoro. Kulikuwa na watu wamepanga foleni nje wakisubiri barua za utambulisho, kumi na kitu hivi. Mtendaji akatoka anatabasamu, akaniita mama msomi. Nikaomba daftari. Akaleta bila wasiwasi, si mimi ndiye shahidi wake? Nikafungua ukurasa wa Jumanne, nikakata mstari wangu, nikakata saini yangu, nikaandika pembeni: "Nilisaini bila kuhesabu. Si kweli." Halafu nikausoma kwa sauti, kwa ile foleni. Sauti yangu ya kwaya, angalau siku ile ilifanya kazi.

Mtendaji akasema mama unachanganyikiwa. Zuhura akafungua kikapu. Alikuwa ameshaweka ndoo chini. Akamwita yule mgambo kwa upole, "Baba, tupelekee vikombe kama vya asubuhi."

Mgambo akachukua vitatu. Akaviangalia. Akamwangalia mkubwa wake. Watu wa foleni walikuwa wamesogea karibu. Basi yule mzee akaviweka vikombe viwili chini, akabaki na kimoja, na hakwenda kwenye mlango wa mahabusu. Alizunguka nyuma ya ofisi, kwenye stoo ya mbolea, na watu wote wakamfuata.

Mzee Simoni alikuwa amekaa kwenye mifuko ya mbolea, mgongo ukutani, mabega yanapanda na kushuka. Hakuweza kuongea. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili lakini hakunywa, pumzi ilikuwa haimpi nafasi. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akapelekwa zahanati, kutoka pale hospitali. Daktari alisema ingekuwa kesho yake, angekuwa anaandika karatasi nyingine.

Mtendaji alihamishwa. Sikusema alifukuzwa, nimesema alihamishwa. Mjifunze kuridhika na vitu vidogo bila kuacha kudai vikubwa.

Mzee Simoni alikaa hospitali wiki mbili. Alipotoka kifua hakikurudi kama zamani. Kupanda kwenda kanisani anapumzika mara tatu. Jogoo wake mwekundu alimpelekea Zuhura. Nililiona lile jogoo likiwika uani kwa Zuhura miezi mingi, maana alikataa kulichinja, na kila likiwika nilijua linanisema mimi. Mama Yudithi alinisamehe kanisani, mbele ya mchungaji, tukashikana mikono. Lakini hakuwahi tena kuniletea shida yake. Anampelekea Zuhura.

Mwaka uliofuata, chini ya mtendaji mwingine, muhtasari ulisomwa mkutanoni. Nilikuwepo. Kwenye orodha ya waliohudhuria kile kikao kulikuwa na majina ya watu watatu waliokwisha kufa. Watu walianza kucheka, halafu wakaacha. Aliyeuliza safari hii alikuwa mwanamke mmoja kijana, na alipomaliza kuuliza akakaa, na jioni akapika kwake. Nililia kwa hilo. Mzee Simoni alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kiti alicholetewa.

Siku chache baadaye nikajikaza nikaenda kwake kuomba radhi, peke yangu, bila mchungaji. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akamwambia mjukuu wake alete kiti. Nikamweleza yote: kikapu nyuma ya mlango, mchele, saa nane na nusu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Ile Jumanne nilikusikia."

Nikamuuliza alinisikia wapi.

"Stoo imepakana na ofisi. Nilikusikia unasoma sheria. Nikaijua sauti yako, ya kwaya. Nikasema moyoni, aa, wale mama wa uji wamefika."

Akapumzika kidogo, kifua kikapanda na kushuka.

"Sikuweza kuita, pumzi ilikuwa hakuna. Lakini sikuwa na wasiwasi. Nikajisogeza karibu na mlango, nikasubiri kikombe."

Halafu alihamia kwenye habari za mpunga.

Kwa hiyo wanangu, yule aliyesema kilaza, hukukosea sana, ila mwambie na mwenzako: kilaza anasahau vikombe. Mimi niliviacha. Zuhura namwombea kwa jina kila Jumapili, na bado kuna Jumapili jina lake linakwama kooni, namlazimisha Mungu asubiri mpaka nilitoe. Vile vikombe viko kwake, vimepauka rangi. Nendeni mkamwombe. Simu zenu chukueni, vitambulisho vaeni, sheria isomeni vizuri kuliko mimi. Lakini mkifika pale mlangoni, kabla hamjafungua daftari, mimineni kwanza. Kuna mtu amejisogeza karibu na mlango.